Ule Mchicha wa Mbegu

Mama,

Nimekaa kitandani kwako niandike, na nimeshainuka mara nne. Mara nafagia, mara nahamisha ndoo, mara nachungulia barabarani, ambako hakuna jipya: mikokoteni, spika za maduka, watu na mabegi yao. Kesho ni arobaini yako. Mchele umeshaletwa, mikeka tumeazima, na mimi situlii.

Nianze na mboga, maana ungeziulizia kabla ya kuniulizia mimi. Hali si nzuri. Nimepanda mchicha wa mbegu za dukani kwenye zile ndoo za rangi, umeota mrefu, mwembamba, umepauka, wote umelalia upande wa dirisha. Wewe ulizigeuza ndoo kila asubuhi, na mimi nililalamika kwamba zinakwaruza sakafu na kunikatisha usingizi. Tangu lile ghorofa la jirani liinuke, jua tunalipata mpaka saa nne tu, nawe ulilifuata humu chumbani na ndoo zako, kutoka dirishani mpaka miguuni pa kitanda. "Sogea, jua limefika hapo," uliniambia siku moja nikiwa nakula. Nikasogea na sahani yangu, nimenuna.

Sasa nikuambie lililonikaa kooni.

Siku ya pili ya msiba watu walikuwa wengi, mboga ikapungua. Mama Jayesh wa chini, yule rafiki yako mliyekuwa mkibadilishana naye majani yake ya uwatu kwa mchicha wako, alikuwa anakatakata vitunguu pamoja na akina mama. Akanifuata mkekani nilipolala, akaniuliza kama wachume za humu ndani. Nikasema chumeni. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Na ule wa mbegu?"

Alijua, mama. Alijua kwamba yale mashina mawili mekundu yaliyoanza kuchanua ndiyo mbegu ya bibi, uliyoitoa Masasi ukaipanda mwaka hadi mwaka, na kwamba nyingine hukubakiza. Mimi pia nilijua. Nikasema, "Zote. Chumeni zote." Nilikuwa na hasira. Mchicha uko hai, wewe hupo.

Na nilikula. Ulikuwa mtamu, nikaongeza.

Kesho yake mama mkubwa alipoziona ndoo tupu akapandisha mori. "Nani kang'oa mbegu ya mama yetu?" Watu wakamtazama mama Jayesh, maana yeye ndiye aliyeonekana na kisu. Mama mkubwa akamsema mbele ya wote. "Huyu ataujuaje uchungu wetu?" na mengine ambayo siyarudii. Mama Jayesh akaweka kisu chini, akavaa ndala zake, akashuka. Na mimi nilikuwa pale pale, mama. Nina mdomo, na sikuufungua.

Tangu siku hiyo nikikutana naye kwenye ngazi namtupia shikamoo huku nakimbia, hata marahaba yake siisubiri. Mbegu nimeitafuta kama mwendawazimu. Nimezunguka sokoni, nimekwenda Mchikichini, nimewauliza wauza mboga wote mpaka Mnazi Mmoja. Wananionyesha mchicha mwekundu, lakini si ule. Nilijidanganya kwamba nikiipata sitahitaji kumwambia mtu chochote.

Leo mama mkubwa kanisomea majina ya watu wa kesho. Mama Jayesh hayumo. Nikashindwa kukaa, nikashuka.

Nilimkuta anamwagilia uwatu wake kwenye sinia, jikoni. Hata kumsalimia sikumsalimia. Nikamuuliza mbona hakuwaambia kwamba ni mimi.

"Usemwe kwenye msiba wa mama yako?" akasema, bila kugeuka. "Bora nisemwe mimi. Mimi nilikuwa nimefiwa na rafiki tu."

Halafu akalia, mama, kikombe cha maji kikiwa bado mkononi. Siku zote hizi sikuwahi kumpa pole.

Mbegu ya bibi imepotea na mimi ndiye niliyeipoteza. Kuirudisha siwezi. Nilichobaki nacho ni hiki: kesho, kabla dua haijaanza, mbele ya mama mkubwa na wote waliokuwepo siku ile, nitasema ni nani aliyesema "zote". Najua mama mkubwa atanigeuzia maneno yale yale, na naogopa tangu sasa. Lakini nimeshamwambia mama Jayesh apande juu kwetu saa nane. Atakaa mkeka mmoja na mimi, upande wa wafiwa.

Pumzika, mama. Mimi labda kesho, nikishasema.

Mwanao,
Zaituni