Masikio ya Teo, Simu ya Winnie

Jumatatu, 3 Machi 2025
Tumerudi kutoka Sengerema na kivuko cha jioni. Teo kapewa vifaa vya kusikilizia, vya msaada, vidogo kama mbegu za maboga. Ana miaka minne, hajawahi kusikia kitu. Nesi akagusa simu yake, akapandisha sauti — kijiko kikaanguka, mwanangu akageuka. Kisha akanishika koo nikiongea, anatafuta sauti inatokea wapi. Nesi kasema nipakue programu kwenye simu yangu. Kupandisha na kushusha ni kwa simu tu.

Jumanne, 4 Machi
Simu yangu imekataa. Nimeipeleka kwa Pius, fundi wa hapa Igogo. Kahangaika nayo saa nzima. Dada, anasema, simu nzima, vifaa vizima, ila programu hii ni ya simu za aina moja, na yako siyo. Kwa nini? Wanaozitengeneza hawajakaa wakakubaliana. Chaja wamekubaliana, anasema, masikio bado.

Alhamisi, 6 Machi
Winnie, binti wa mama mwenye nyumba, anayo simu ya aina hiyo. Imekubali mara moja! Nimelia mbele za watu.

Jumamosi, 8 Machi
Mchumba wa Winnie kapiga simu, sauti ikaenda moja kwa moja masikioni kwa Teo. Mtoto karuka. Winnie kacheka mpaka kakaa chini: "Mama Teo, kamsalimia mwanao, mimi kaniacha hivi hivi!" Nikacheka na mimi. Baadaye roho ikaniuma. Mwanaume hata sura hatuijui, anamfikia mwanangu kirahisi kuliko mimi.

Jumanne, 11 Machi
Mashine ya kusaga ya jirani ikianza, nagonga kwa Winnie ashushe. Ikizimwa, nagonga apandishe. Leo nimemwamkia mama yake, kaitikia marahaba bila kuniangalia. Kasema simu ya binti yake siyo bomba la mtaa.

Ijumaa, 14 Machi
Winnie kaondoka alfajiri, kapata kazi Bukoba. Jana alipandisha, akasahau kushusha. Mashine ilipoanza Teo kapiga yowe, kavitupa chini. Nimempigia Winnie. Naye analia — dada, kutoka huku siwezi, mpaka niwe karibu naye. Nimevifunga kwenye kitambaa. Nyumba kimya. Teo ananitazama mdomo.

Jumapili, 16 Machi
Nesi kapiga, nimemweleza Winnie kaondoka. Kasema bila simu vitamuumiza tu. Yupo mtoto mwingine, mama yake anayo simu inayokubali. Virudi kesho, Teo asubiri awamu nyingine. Lini? Hajui.
Baba Teo katoka zamu Nyakato, kasema tuseme vimepotea. Nimekataa. Yule naye ni mtoto wa mtu. Kalala kanipa mgongo. Sijamlaumu. Hata mimi nilishalifikiria.

Jumatatu, 17 Machi
Sengerema, kwenye benchi. Mama wa yule mtoto mwingine kakaa pembeni yangu, simu mkononi, mtoto mgongoni. Anaitwa Noela. Hajui mimi ni nani. Kaviona vifaa kwenye kitambaa, kaniuliza, eti vinauma? Nimemwambia vinauma ukiviacha juu, awe anashusha mapema, asingoje mtoto alie. Kashukuru sana. Nikaangalia pembeni.
Hapa hamna mashine. Nimemvalisha Teo, avae mpaka tuingie.
Mlango umefunguliwa, nesi kaita. Mimi nimeinamia daftari, sikusikia. Teo ndiye kainuka. Ananivuta mkono.