Meno ya Bibi Hayajaiva

Jumatatu, 3 Machi
Bibi amekalia meno yake. Aliyavua ili anywe chai kwa raha, akayaweka kwenye kiti, akasahau, akarudi kukaa. Vipande vitatu. Mimi ndiye mjukuu, na mimi ndiye fundi wa meno ya bandia, kwa hiyo nimeletewa vipande kwenye leso kama ushahidi wa mahakamani.

Ingekuwa wiki nyingine ningecheka hadi mbavu ziume. Lakini Jumamosi anakuja Bibi Mdogo, mdogo wake wa tumbo moja. Hawajasemeshana tangu nikiwa shule ya msingi. Siku Bibi alipovaa meno ya bandia mara ya kwanza, Bibi Mdogo alisema mbele ya wageni kwamba dada yake akicheka utadhani anayauza. Watu wakaangua kicheko. Bibi akafunga mdomo, na kwa mdogo wake hajaufungua tena.

Sasa Bibi Mdogo amepiga simu mwenyewe, anataka kuja. Na Bibi anasema bila meno hatoki chumbani. Ila bila meno, s na z zake zote zimekuwa sh. "Shitoki," amesema. Nimejiuma ulimi nisicheke.

Jumanne, 4 Machi
Tumepima ufizi karakanani. Kuna unga tunaukoroga na maji, unakuwa rojo, mtu anaung'ata, unaganda na umbo la kinywa chake. Maji lazima yawe ya baridi, ndiyo yanakupa nafasi. Nimegeuka tu kuchukua sahani ya kupimia — Bibi kamwaga maji yangu, kaweka ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Anauonea ufizi wake huruma. Nikakoroga. Kijiko kikabaki kimesimama wima bakulini, na Bibi hata mdomo hajafungua.

Bosi akapita, akauliza tangu lini tunachonga sanamu.

Nikamweleza Bibi: joto linaharakisha. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata kitu cha kutumia baadaye. Ningepaswa kushtuka hapo hapo.

Jumatano, 5 Machi
Plasta. Naimimina kwenye umbo la kinywa tulilolipima upya jana kwa maji baridi. Kwa kuwa nina haraka, nimetia chumvi kidogo kwenye maji. Chumvi kidogo huifanya plasta igande upesi. Bosi hapendi mchezo huo. Bosi hakuwepo. Nimejiona bingwa.

Mchana kutwa nimepanga meno kwenye nta. Bibi anataka ya mbele yawe madogo kuliko yale ya zamani. Hakusema kwa nini, na sikuuliza. Nimempa madogo.

Alhamisi, 6 Machi
Ole wangu.

Mtambo wetu wa kuchemshia umekufa, nikaja na kazi nyumbani. Sufuria kubwa, kipimajoto, jiko la gesi. Ndani ya kalibu ya chuma, pamoja na meno niliyoyapanga, kuna unga wa plastiki na kimiminika chake. Vikipata joto vinashikana, vinakuwa ufizi mgumu wa waridi. Moto mdogo, saa nyingi. Vyenyewe vikishikana hutoa joto lao pia, ndiyo maana huviharakishi. Sisi mafundi tunasema "yanaiva".

Nikaenda kuoga. Bibi akauliza kwa sauti kutoka jikoni: yameiva? Nikajibu: bado hayajaiva.

Neno hilo moja. Bibi amepika maisha yake yote. Kwake kisichoiva kinaongezewa moto. Nimetoka bafuni na povu la sabuni sikioni, sufuria inatokota, kifuniko kinacheza ngoma. Yalipopoa nikafungua. Vishimo vitupu, kama sifongo. Kimiminika kilichemka kabla hakijashika, mapovu yakabaki humo humo.

"Shi ulishema joto linaharakisha?"

Nilisema. Ndiyo, nilisema.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeanza upya. Nta upya, plasta upya, bila chumvi. Mgongo unaniuma.

Bibi amekaa pembeni yangu, mpole kupita kiasi. Akauliza, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu: mke mwenza, wewe ukimnunia ndugu yako unanuna muda gani? Nikasema siku mbili, nikiwa na njaa siku moja. Akasema yeye na mdogo wake walianza na wiki moja tu. Halafu akaenda kulala bila kula. Nimemwonea huruma.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika jikoni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, jicho moja kwenye kipimajoto. Jiko liliwashwa alfajiri. Yanahitaji mpaka jioni.

Bibi Mdogo amefika asubuhi. Bila shaka! Kaja kabla ya wakati wake, mkoba magotini, leso mdomoni. Bibi kajifungia chumbani. Bibi Mdogo akaniuliza dada yake yuko wapi. Nikasema meno yake hayajaiva. Lilinitoka tu.

Hakucheka. Amenitazama, akainuka, akaenda kuegemea mlango wa chumba. Nyumba yetu ndogo, nasikia kila kitu. Anasema siku ile meno yake mwenyewe yalikuwa yameanza kulegea, alikuwa anaogopa, akaona afadhali wachekwe wengine.



Mkono wangu uko kwenye swichi ya gesi. Nikiongeza kidogo tu, Bibi atatoka na meno kabla ya chakula cha mchana. Mapovu mawili matatu, nani atayaona? Nimeutoa mkono. Nimeukalia.

Kitasa kimelia. Mlango umefunguka.

"Umesheeka," amesema Bibi.

"Na wewe," amejibu Bibi Mdogo. Kisha: "Toa mkono mdomoni, nikuone."

Halafu kicheko — cha nani, sijui. Sasa viko viwili.

"Mke mwensha!" Bibi ananiita. "Yameiva?"

"Bado, Bibi."

"Bashi yaache huko huko. Lete chai."