Mama Aliyekataa Kusogea Mbele

Nuu, 8 Machi 2024

Kwa dada yangu Mukami,

Natumaini wewe, shemeji Nzioka na watoto hamjambo huko Kiboko. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kinazunguka. Nakuandikia kwa kuwa network ya hapa huja ikipenda, na haya siwezi kuyasimulia mbele ya wenzangu stesheni.

Jana nikiwa doria na pikipiki nilisimamisha boda. Kijana ana leseni, ana helmeti, hata ya abiria anayo. Lakini nyuma yake amefunga gunia, na nyuma ya gunia, juu ya keria kabisa, mama mzee ananing'inia. Shimo moja tu angekuwa chini. Nikasema, "Gunia lishuke, mama asogee mbele." Gunia likashuka. Mama akakataa kusogea. Nikamuuliza kijana huyu ni nani yake, akatazama chini. Mama akatazama porini. Nikafungua gunia: magunzi ya mahindi matupu! Nani husafirisha magunzi? Nikashuku utekaji nyara, nikamchukua kijana hadi stesheni. Mama akaondoka kwa miguu, akichechemea. Jioni nilimwachilia kijana kwa sababu sikujua nimemkamatia nini. Dada, nimekosea wapi?

Mdogo wako,
Gathua

Kiboko, 13 Machi 2024

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila Nzioka amecheka hadi chai ikamwagika. Afande mzima! Huyo ni mama mkwe wake. Huku Ukambani mtu na mama mkwe wake hawagusani, hata usoni hawatazamani. Wanaiita nthoni, ni heshima. Hata kwetu ilikuwapo, basi tu wewe ni mtoto wa Thika mjini. Gunia lilikuwa ukuta wao. Nawe ukawauliza barabarani, watu wakisikia! Walitamani ardhi iwameze.

Lakini sheria yako nayo haikukosea, kwenye keria angevunjika shingo. Hapo hata mimi nimechanganyikiwa. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye neno "akichechemea", kicheko kikaniisha. Mtafute huyo mama.

Dada yako,
Mukami

Nuu, 18 Aprili 2024

Dada,

Hamjambo nyote? Samahani kwa kimya kirefu. Nilimpata, anaitwa Mama Katunge. Ana kidonda cha sukari mguuni, husafishwa kila Alhamisi kituo cha afya, kilomita tisa. Siku ile alishindwa njiani akarudi nyumbani, na Alhamisi iliyofuata hakwenda. Bila gunia hapandi, na kwa gunia mkwe wake ananiogopa. Kijijini boda ni mbili tu, na wenyewe wote wawili wameoa kwake. Daktari alisema kidonda kikiachwa, mguu utakatwa. Niliona aibu, dada, sikulala.

Nikabadilisha siku yangu ya mapumziko iwe Alhamisi, nikaazima pikipiki ya rafiki. Nimembeba mara nne: helmeti juu ya kitambaa, mguu huku na mguu kule, mwendo wa pole. Ananishika kiuno na kunipa habari za mbuzi wake njia nzima. Kidonda kimeanza kufunga. Zimebaki wiki sita.

Sasa leo sielewi tena. Jumapili baada ya kanisa nilimwambia Ndila, binti yake kitinda mimba, yaliyo moyoni mwangu. Akakubali, akamweleza mamake. Nilifurahi mno. Leo nimefika, Mama Katunge akajifunika leso usoni, akaingia ndani, akafunga mlango. Nimebisha nusu saa. Amenikataa? Ni kwa kuwa mimi Mkikuyu, au ni hii kazi ya polisi? Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Gathua

Kiboko, 22 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Safari hii Nzioka hakucheka. Alisema nikupe pongezi.

Hajakukataa. Angekuwa amekukataa, angepanda pikipiki kama kawaida na kukuletea habari za mbuzi. Amekukubali uwe mkwe wake, ndiyo maana hawezi kukutazama, sembuse kukushika kiuno. Nimefurahi hadi nikalia.

Lakini wakwe wenye pikipiki walikuwa wawili, sasa wewe ni wa tatu. Barua hii itakufikia Jumatano. Alhamisi nani atambeba?

Dada yako,
Mukami