Maji ya Kumwogesha Mwanao

Mjukuu wangu,

Njia ya kwangu imeota nyasi, au umesahau mlango ulipo? Tangu ujifungue sijaona hata kivuli chako. Umenuna, najua; kununa umerithi kwangu. Haya, hujambo? Mumeo hajambo? Na huyo mdogo, ananyonya vizuri? Mimi nipo. Anayeandika ni jirani yangu, fundi viatu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asinilainishie maneno.

Huyu fundi ndiye aliyeligundua jambo lenyewe. Nilimpelekea kiatu akibandike soli, nikakivua palepale kibandani kwake. Akaniuliza nimetembeaje nacho. Nikamjibu kwa miguu, kwani wewe hutembea kwa nini? Akanionyesha msumari uliopenya hadi ndani, na soksi yangu imelowa damu. Sikuwa na habari.

Nikaenda hospitali. Daktari, binti wa rika lako, akanigusagusa nyayo kwa uzi mgumu, nimefumba macho, akiniuliza nasikia wapi. Nikawa nabahatisha tu. Akasema sukari imeharibu mishipa ya fahamu, ilianza miguuni, sasa imepanda mikononi. Nikamwuliza mbona miguu hiyohiyo inaniwaka nikilala kama nimekanyaga makaa. Iweje ijue kuniunguza na isijue msumari? Akasema ndivyo ugonjwa ulivyo. Nikaomba dawa ya kuirudisha ilivyokuwa. Akainamisha uso, akasema tutalinda iliyobaki, na nyayo nizikague kila siku. Nitazikagua vipi na mgongo haukunjiki? Fundi ndiye ananikagulia, anazigeuzageuza kama viatu vya wateja.

Sasa nikwambie lililoniuma. Ulipojifungua nilituma watu wakwambie nina mafua, siwezi kuja kumwogesha mtoto. Ukasema bibi ameogesha watoto wa mtaa mzima, wako ndiye kamkataa. Maneno yalinifika.

Sikuwa na mafua. Fundi ananiuliza kama aandike hili. Andika. Siku ile nilishafunga mkoba, nikachemsha maji nioge kwanza. Nikatia mkono kwenye beseni kupima, kama nilivyompimia mama yako, kama nilivyokupimia wewe. Nikaona ni vuguvugu, yanafaa. Nilipoutoa, mkono mwekundu, ngozi inainuka malengelenge. Nikakaa sakafuni. Nilikuwa namwona mwanao ndani ya beseni lile. Nikafungua mkoba, nikarudisha nguo zangu kabatini.

Mkono huu nimeusugua, nimeupaka mafuta, nimeukemea kama mtoto mkaidi. Umenyamaza vilevile. Sina la kufanya, mama, na wewe huna.

Msalimie mumeo, mwambie namdai cheko lake. Na wewe uje. Maji utapima mwenyewe, kwa kiwiko, mimi nitakaa kitini nikufokee ukikosea. Mtoto usinipe mikononi, hata nikikuomba, hata nikilia. Mlaze shavuni kwangu. Shavu bado linasikia.

Ni mimi bibi yako, niliyekuogesha.