Salamu Ulizozikata

Kwa kaka yangu Bartholomew,

Natumaini barua hii inakufikia ukiwa mzima, wewe na Kanini na watoto, na kwamba mahindi ya huko Kalama yamepata mvua ya kutosha. Mimi kiafya niko sawa. Moyo ndio hauko sawa hata kidogo, na sitajifanya. Simu zako nimeacha kuzipokea makusudi. Nikizipokea nitapiga kelele, nawe utasema Kavata ana hasira tu, kisha utakata. Barua utaisoma hadi mwisho.

Nakuandikia kuhusu kilima chetu. Sitaki kivunjwe kiwe kokoto, na sitaki Mwaitu, mama yetu, ahamishwe kutoka kwa nyumba alimotulea eti kwa sababu ya baruti.

Wewe unanijua. Hapa chuoni Nairobi nimeajiriwa kutafiti ndege zisizo na rubani, zile za kupeleka dawa na damu pande kama Ndithini, ambako mvua ikinyesha barabara haipitiki. Lakini mdomo wangu haujawahi kukaa kwa ndege peke yake. Nikiona reli naieleza, nikiokota jiwe nalieleza, nikisoma riwaya nzuri lazima nimsimulie mtu hadi atafute kisingizio cha kuondoka. Ulikuwa ukinitania kwamba mtu akiniuliza saa, namwanzia jua lilivyoumbwa. Nilikuwa nacheka. Nilidhani unanipenda hivyo nilivyo.

Ndiyo maana uliponiambia macho ya mama yetu yameisha nguvu, na kwamba jioni anatamani kunisikia nikieleza mambo yangu, sikujiuliza mara mbili. Yeye hana simu, kwa hivyo kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa namrekodia sauti na kukutumia wewe umsikizishe. Ukaniomba nieleze zaidi kilima, ukisema hicho ndicho anachokipenda. Basi nikaeleza weee! Jinsi lile jiwe letu lilivyopikwa chini ya ardhi na kukunjwa kama chapati, ugumu wake, na vile barabara na viwanja vya ndege vinalipenda. Nikaongeza hata ngano za nyanya za zimwi la kule juu. Nikiomba kuongea naye mwenyewe, mara amelala, mara yuko kanisani.

Halafu ukaniita Muthetheni kwa Baba Mdogo Erastus. Ulisema ukoo unakutana na unataka kumsikia binti yake msomi. Mwaitu hakuja, ulisema ni magoti. Ngai! Unajua tangu utoto wetu ukoo ukiketi mabinti tunabaki jikoni, na nyama ya kikao hatuionji. Siku hiyo niliwekewa kiti katikati ya wazee, na Baba Mdogo akanikatia nyama kwa mkono wake mwenyewe. Nilikula machozi yakinitoka. Nikasimama nikaeleza mawe hadi wakapiga makofi. Baba Mdogo akauliza kama kweli jiwe hilo linafaa kwa barabara, nami nikajibu kwamba sijaona bora kuliko hilo. Niliporudi kazini niliwaringia wenzangu kwamba sasa na mimi ni mtu kwetu.

Wiki iliyopita nilikuja nyumbani bila kukuarifu. Juu ya kilima nikakuta mtambo wa kutoboa miamba. Msimamizi wake, Yasin, kijana wa Machakos mjini, alinisalimia kwa heshima, na nilipomjibu tu, akatabasamu akasema sauti hii anaijua. Akatoa simu akanichezea. Ni mimi huyo, naongea! Alisema wewe ndiye uliyeipa kampuni yao ya kokoto, ili waone kwamba mtaalamu wa familia amelithibitisha jiwe. Nilipomwambia sijakubali kuuza chochote, kijana wa watu alishtuka. Alikuwa ameambiwa kwamba siku hizi sheria inataka mabinti nao wakubali, na kwamba binti wa nyumba hii alikula nyama ya makubaliano mbele ya ukoo mzima.

Kwetu ni nani asiyejua kwamba aliyekula nyama ya kikao hawezi kugeuka? Hata mimi najua. Lakini hakuna aliyeniambia kikao ni cha nini, na kwa ile furaha ya kuitwa, sikuuliza. Mlinilisha, Bartholomew. Mlinilisha na kunipigia makofi.

Pengine hayo ningeyameza. Lakini nilisikia jambo lingine kwenye simu ya Yasin. Kila rekodi niliianza kwa kumsalimia Mwaitu na kumwambia nimemkumbuka. Za Yasin zote zinaanzia kwa mawe. Ulikaa chini, kaka yangu, ukakata salamu za mama moja baada ya nyingine, ndipo ukazituma.

Nikashuka mbio hadi nyumbani. Mwaitu hajasikia hata rekodi moja. Alinipapasa uso kwanza, kisha akaniuliza kwa upole kama kazi ya ndege imepungua, maana wewe humwambia kwamba sina nafasi hata ya kumtumia salamu. Alikuwa ameshanisamehe kosa ambalo sikulifanya. Nililia hadi nikakosa sauti.

Sasa ujue. Bodi ya ardhi inaketi Jumanne, nami nitasimama niseme sikukubali. Ukoo ukitaka kunilaani kwa ajili ya ile nyama, unilaani. Wanafunzi wangu wanashangaa mbona siku hizi najibu kwa neno moja tu. Naogopa kueleza kitu, nisije nikakiuza. Hata kilima kikipona, hilo sijui nitalipona vipi.

Msalimie Kanini, na watoto waambie shangazi yao anawapenda. Baba Mdogo Erastus mwambie tutaonana hiyo Jumanne. Mwaitu nilikuja naye, yuko hapa kwangu kwa sasa, anakula vizuri. Nilipomwambia nakuandikia, nilimuuliza kama ana salamu zako. Akasema nikuandikie kwamba hana nafasi.

Ni mimi dada yako,
Kavata