Mama Akeno, Mbuzi Wao Tumemrudisha

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi mwaka jana, Asekon Nangiro, uliamka hapa Nawoitorong macho yakiwa ya manjano, mwili unakuwasha, homa inakutetemesha. Mwaka umezunguka tangu wiki ile ikuchukue, na sisi bado tumesimama hapo hapo kwenye Jumanne ile.

Mkono wako haukujua kufumba, Mama Akeno. Samaki wa Kerio uliwapeleka Kakuma mwenyewe, na aliyekuja sokoni bila kitu hakurudi bila mboga. Nasro, jirani yako wa kibanda, mpaka leo hajakubali mtu akalie kiti chako.

Ini lako lilipoharibika, kaka yako Lokuruka alikukatia kipande cha lake, ukapandikizwa, ukapona. Tangu hapo kila mbuzi aliyechinjwa nyumbani, ini ni la Lokuruka. "Kula, kaka," ulikuwa unamwambia. "Narudisha polepole."

Halafu mrija wa nyongo ukabana pale uliposhonwa. Nairobi walipitisha kamera mdomoni, wakaupanua, wakaweka kijibomba cha kuushikilia. Wakakuonya: kinabadilishwa kila baada ya miezi michache, na ukiona manjano na homa, usingoje. Wewe ukacheka, ukasema umekuwa bomba la maji la Lodwar, likiziba anaitwa fundi.

Hukungoja, Asekon. Watu wajue hivyo. Asubuhi ile ile tulikuwa hospitali, na daktari kijana akasema wazi kijibomba kimeziba, uende hospitali kubwa ukazibuliwe haraka. Gari ya wagonjwa ndiyo haikuwepo. Ilikuwa imebeba mahema na viti vya sherehe ya wakubwa wa hospitali. Ilirudi Alhamisi, vifuniko vya soda vinalia ndani. Wewe ulikuwa umeshanyamaza.

Mimi sikusoma, lakini gari ya wagonjwa naijua nikiiona.

Juzi wakubwa hao wakatuma mbuzi wa kumbukumbu, dume mweupe, amenona. Maana yake tunaijua: mkishakula nyama pamoja, maneno yamekwisha. Wazee wengine wakanishika mkono, eti Ekwam, mtu wa kibarua hashindani na ofisi, pokea. Nikamtazama Lokuruka, kwa sababu ini lingekuwa lake.

"Shemeji," akasema, "ini la huyu halitapita kooni mwangu."

Tukamswaga mpaka getini kwao, tukamfunga kwenye mlingoti wa bendera. Alilia mchana kutwa. Hakuna aliyetoka.

Hatukula, kwa hiyo maneno hayajaisha.

Wanaokutaja kila siku ni mimi mumeo Ekwam, watoto wako Akeno na Ethuro, kaka yako Lokuruka, na Nasro wa Kakuma. Jina lako halitatutoka mdomoni, wapende wasipende. Na wao tunawauliza tena, mbele yako, watu wote wakisikia: ni nani aliyesema gari ya wagonjwa ikabebe viti?