Gurudumu la Nyuma la Gari la Baba

Salamina, 4 Machi 1987

Kaka Evelio,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila kifua cha mama hakitaki tena baridi ya huku mlimani. Nataka kumteremsha hadi La Felisa, kule bondeni kwenye joto, akakae kwa mama mdogo Oliva. Lakini gari la baba linanisumbua: gurudumu la nyuma kulia linapata moto mpaka linanuka, na gari linakwenda zito kama limefungwa kamba. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Nicanor

Maracaibo, 20 Aprili 1987

Mdogo wangu Nicanor,

Nashukuru kusikia mpo. Mimi mzima, nimenenepa kidogo. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni.

Usiteremke nalo hivyo! Mafuta ya breki yakichemka, utakanyaga na hutapata kitu. Gari likishapoa, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua nyuma kwa jeki, achia hendibreki, lizungushe gurudumu kwa mkono. Likigoma, legeza waya wa hendibreki. Likigoma bado, legeza ile skrubu ya kutolea hewa kwenye breki. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, mpira unaopitisha mafuta ya breki umevimba ndani, hauyaachii kurudi.

Nimekumbuka gereji ya baba, mama akituletea arepa, ile mikate ya mahindi, na kutufokea: “Naweni mikono, nyie nguruwe!” Ningeupata wapi tena mkate wenye harufu ya grisi?

Telegramu ya msiba wa baba ilinifikia siku kumi na moja baada ya mazishi. Niliona aibu kuandika. Ndiyo hivyo tu.

Kaka yako,
Evelio

La Felisa, 2 Juni 1987

Kaka,

Shikamoo. Ulikuwa mpira. Waya nililegeza, wapi! Nilipogusa skrubu, mafuta yakanirukia usoni, gurudumu likazunguka lenyewe. Nimeweka mpya, tumefika salama. Mama analala bila kukohoa.

Njiani aliniuliza, “Wewe Nicanor, mafundi wote wa Salamina wamekufa, hata ukaandika mpaka Venezuela?”

Mafundi wapo wanne, kaka, mmoja jirani yetu. Miaka tisa nilikukasirikia kwa kutokuja kumzika baba, nikawa sijui nianzeje barua. Gari lilipoanza kunuka, nilifurahi.

Sasa gari halina hitilafu yoyote. Niandikie hata hivyo.

Mdogo wako,
Nicanor